Barua kwa mwanangu aliye Las Vegas

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Mamako hajambo, ni goti tu linamsumbua. Kuhusu kazi yako ya poka, hiyo kamari ya karata, na dini yetu tulishazungumza, msimamo wangu unaujua, na leo siurudii. Nimeandika kwa sababu ya sauti yako wiki iliyopita. Ulinijibu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, na huko ilikuwa alasiri.

Sauti ile naijua. Nilifanya zamu ya usiku bandarini Kilindini miaka 19. Ulikuwa mdogo, mkikatazwa kucheza mlangoni mchana kwa kuwa baba kalala. Nilikosa maziko ya rafiki yangu wa utotoni kwa ajili ya usingizi, mwanangu, usingizi tu. Lakini mimi nilikuwa na king'ora. Kikilia alfajiri, mwenzako keshafika kushika nafasi yako, hata ungetaka kuendelea huwezi. Wewe uliniambia kasino za huko hazina saa ukutani wala dirisha, na poka huchezwa usiku na mchana. Nani basi anayekwambia nenda kalale? Aliyepoteza anabaki akitafuta kurudisha, anayeshinda anabaki kwa kuwa mambo yanamnyookea.

Ulinieleza kisa cha Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee aliyeingia mashindano ya dunia ya poka ya 2003 kwa kushinda mchezo mdogo mtandaoni, akatoka na dola milioni 2.5. Mimi nilichoshika ni kwamba alikuwa na kazi yake ya mchana. Alikuwa na watu wanaomtarajia Jumatatu asubuhi. Wewe Jumatatu anakutarajia nani?

Najua Ijumaa na Jumamosi usiku ndizo za mavuno, mji ukijaa wageni. Zichukue. Lakini ulisema mwenyewe kwamba katikati ya wiki wanabaki wazoefu watupu, mnanyang'anyana wenyewe kwa wenyewe. Basi Jumatatu na Jumanne unakeshea nini? Siku hizo rudi kwenye mpira, tafuta watu wasioshika karata. Mwezi ukikuendea mrama hata ukiwa umecheza vizuri, na umeniambia hilo hutokea, utamlilia nani? Jirani yako wa mezani ambaye anazitaka hizo chipu, vile vibao vya pesa za mezani, ulizobakiwa nazo?

Kodi ya nyumba umesema umeitenga na mtaji wa mezani, na hilo limenipa usingizi. Sasa tenga na saa. Kabla hujaketi, ujue utainuka saa ngapi, na uinuke, umeshinda au umeshindwa.

Jambo moja nilikuwa nimelinyamazia. Harusi ya dadako mwezi Juni ulikosa kwa sababu ya mashindano. Hajasema neno. Ila kila akiwaonyesha wageni albamu, ile picha ya familia anaipita haraka.

Nikikupigia saa moja asubuhi, kwako ni saa tatu usiku, ndio kwanza unavuta kiti. Kwa hiyo nipigie wewe Jumanne hii, saa nne asubuhi ya huko. Hapa itakuwa saa mbili usiku, tumeshatoka msikitini. Kunywa chai kwanza, ule na kitu. Nitakuwa barazani na simu mkononi, na dadako nimemwambia aje.

Ni mimi babako.