Gari "kuacha njia" si jibu, tuulize na hali ya stelingi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie maneno matatu ninayokutana nayo kila mara katika habari za ajali: gari liliacha njia. Gari liliacha njia, likagonga mti. Gari liliacha njia, likapinduka. Habari inaendelea na idadi ya waliofariki na hali za majeruhi, kisha chanzo, na chanzo huwa mwendo kasi au dereva kusinzia. Mwendo kasi unaua, hilo silibishi. Ninachouliza ni kwa nini hakuna anayesema lile gari lenyewe lilikuwa katika hali gani kabla ya kuiacha hiyo njia.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, na miaka 9 ya mwisho nilikuwa chumba cha majeruhi, katika hospitali iliyo jirani na barabara kuu iendayo Moshi. Dereva anayeletwa akiwa na fahamu zake, kwanza huuliza wenzake wako wapi. Halafu huanza kusimulia hata kama hujamuuliza. Zaidi ya mara moja nimesikia maneno haya: "Sista, nilikata kona, gari halikukata." Nilikuwa naitikia pole, naendelea kutafuta mshipa wa kumwekea dripu. Nilidhani ni maumivu yanasema. Nimekuja kuyaelewa maneno hayo baada ya kustaafu, nikiwa nimeshika usukani mwenyewe.

Nina Toyota Carina Ti ya mwaka 1998, namba B, niliyoinunua mwaka 2015 kwa mwalimu mmoja. Injini yake haijawahi kunilaza njiani, na sina mpango wa kuiuza. Magari ya rika hili ndiyo tunayoyamudu watu wa mishahara na pensheni. Carina, Corolla 110, Mark II za zamani, nyingi zimevuka miaka 25 tangu zitoke kiwandani, na bado zinabeba watoto kwenda shule na wagonjwa kwenda hospitali. Tunazipiga rangi, tunazivisha viti vitambaa vipya, tunabadilisha redio. Kule chini ya bodi, ambako mwenye gari hainami, ndiko uzee ulikojificha.

Kwangu ulianza kwa mlio. Nikikata stelingi mpaka mwisho, kama wakati wa kuegesha, chini ya boneti panatoka sauti ya kulalama kama ndama aliyetengwa na mama yake. Baada ya wiki chache stelingi ikawa nzito asubuhi, mpaka mabega yananiuma. Kijana wa gereji akamimina oili ya injini iliyobaki kwenye kidumu, sauti ikapoa siku mbili, ikarudi. Fundi mwingine ndiye aliyepapasa chini na kitambaa akakuta hosi ya pampu ya stelingi inavuja tone kwa tone. Akaniambia kwamba Toyota hizi zenye stelingi ya haidroliki, yaani inayosaidiwa na msukumo wa oili, zinataka oili ile ile ya gia otomatiki, ATF ya aina ya Dexron, na oili ya injini haina kazi humo. Hosi ikabadilishwa, oili ya zamani ikamwagwa, hewa ikatolewa kwenye mfumo kwa kuzungusha stelingi kushoto na kulia taratibu mara kadhaa, na mlio ukaisha. Alinikanya pia nisiishikilie stelingi ikiwa imekatwa mpaka mwisho, maana pampu inachemka bure.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalotusumbua wengi, na ndilo tunalolikimbilia gereji. Stelingi nzito inauma mikono, mtu hawezi kuivumilia. Lakini stelingi nzito bado inakupeleka unakotaka. Ya kuogopwa ni ile iliyolegea, na hiyo haiumi popote. Unaizoea. Kila mwezi unazungusha kidogo zaidi kabla gari halijajibu, na mikono inajifunza kufidia bila wewe kujua. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaweka kikomo: ukingo wa usukani usicheze zaidi ya milimita 30 kabla ya matairi kuanza kugeuka. Wangu, siku nilipokuja kuupima, ulicheza upana wa vidole vyangu vinne. Nilikuwa nimeuendesha hivyo kwa muda gani, sijui, na mimi ni mtu aliyelipwa miaka yote hiyo kwa kuona dalili mapema.

Dalili zenyewe zilikuwepo. Nikivuka reli hapa Korogwe, au tuta lolote, upande wa kushoto mbele palikuwa panagonga: ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi kwa kifundo cha kidole. Nikapeleka. Jibu likawa, "Mama, hizo ni barabara zetu, fanya alaimenti tu." Nikalipa alaimenti shilingi 25,000. Miezi mitatu baadaye tairi la kushoto limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, na upande wa nje bado lina kashata nzima, yaani meno ya tairi. Nikalipa tena alaimenti, na tairi jipya juu yake. Leo najua kwamba alaimenti ni kupima pembe za matairi, kuzirekebisha zifikie kipimo cha gari na kuzifunga hapo. Kama tairodi (fimbo inayolisukuma tairi ligeuke) au boljointi (kiungo chenye kigololi kinachoshikilia tairi la mbele) imelegea, unapima kitu kinachocheza, na ukitoka getini na kupita shimo la kwanza vipimo vyote vimeshahama. Kwanza unabadilisha kilicholegea, alaimenti inakuja mwisho. Mafundi wanalijua hilo. Wateja ndio hatulijui, na fedha zetu zinakwenda hapo.

Nilipolalamika mara ya tatu, walinifungulia ile tairodi ya kushoto. Nilisimama pale pale nikaona. Fundi alikata kipande cha tyubu ya tairi, akakikunja, akakisukumiza ndani chini ya kigololi cha kwenye ncha ya tairodi, kisha akachomelea kifuniko. Alifanya haraka, kwa mkono uliozoea. Akaniambia nimeokoa hela. Na kwa kweli stelingi ilikaza siku ile, ko-ko-ko ikanyamaza, nikamshukuru na kumwongezea ya soda.

Ilikaa wiki tano.

Tulikuwa tunarudi msibani, mimi, shangazi yangu ambaye ana miaka zaidi ya 80, na binti wawili wa kaka yangu. Anayeijua barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo hahitaji kuelezwa. Ni zaidi ya kilomita 30 za kona juu ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na mabasi yanayopanda yanapiga honi kabla hujayaona. Ilikuwa masika, lami imelowa. Nilishuka polepole, gia ya pili, na nakumbuka nilijisifia moyoni kwamba gari limetulia. Tukafika Mombo salama. Nikaingia kituo cha mafuta, nikakata kulia kusogelea pampu, mwendo wa mtu anayetembea. Kikasikika kishindo kimoja, kama kopo limekanyagwa. Usukani ukawa mwepesi mkononi. Tairi la kulia lilikuwa limegeuka kulia kama nilivyoliamuru, la kushoto likageukia nje, peke yake, na gari likasimama likiwa linatazama kote kuwili.

Kijana anayejaza mafuta aliinama na tochi ya simu. Alikaa kule chini kidogo, akainuka, akatazama barabara ya mlimani tuliyotoka, akanitazama. "Mama, mmeshuka nayo hii?"

Shangazi yangu hakuelewa kitu. Alikuwa anauliza kama kuna choo.

Mzee mmoja fundi wa pale Mombo ndiye aliyenitengeneza, na ndiye aliyenifundisha ninayoyaandika. Kigololi kilikuwa kimechomoka kwenye kikombe chake. Ninacho hapa mezani ninapoandika barua hii. Ni chuma cha ukubwa wa zambarau, kilipaswa kuwa duara linalong'aa, lakini upande mmoja kimelika mpaka kimekuwa bapa, na kuna michirizi ya kutu iliyoshuka kama hina. Raba ya kukinga vumbi ilichanika zamani, grisi ikaisha, maji na mchanga vikaingia, chuma kikawa kinasaga chuma. Kipande cha tyubu kilikuwa kimeshikamana na kikombe, kimesagika mpaka kimekuwa kama uji mweusi. Kile kipande kilinyamazisha sauti iliyokuwa inanionya. Hakikufanya kingine chochote.

Mzee yule aliniomba nikae kwenye usukani, injini imezimwa, matairi yamenyooka ardhini, niwe nautingisha kushoto na kulia kidogo kidogo. Yeye akaweka kiganja juu ya tairodi ya upande wa pili. Kisha tukabadilishana nafasi, nikaweka kiganja changu. Kilichokufa kinasikika mkononi, kinakupa kamshtuko kila stelingi inapobadili upande. Halafu akapiga jeki, akashika tairi kushoto na kulia akalisukuma na kulivuta: likicheza hivyo, tazama tairodi. Akalishika juu na chini: likicheza hivyo, tazama boljointi au beringi. Dakika kumi, bila mashine yoyote. Mwanamke wa miaka 63 ameweza, kila mwenye gari anaweza.

Mengine nitayapitia kwa ufupi, maana nimeyauliza pia. Gari likivuta upande mmoja, pima hewa ya matairi kabla ya kuingia gereji, na ujue kwamba barabara nyingi zimeinamia pembeni ili maji yatoke, hivyo kuvuta kushoto kidogo tu ni kawaida. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa 80 au 90 na kutulia ukipunguza, mara nyingi ni balansi ya matairi, yaani uzito usiolingana kuzunguka tairi. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, tazama diski za breki. Na kwa wenye magari ya karibuni yenye stelingi ya umeme, hakuna oili ya kujaza huko. Taa ya onyo ikiwaka na stelingi ikawa nzito ghafla, anza na betri na chaji yake.

Sasa ombi langu, Mhariri. Waandishi wako wanapofika penye ajali ya gari la zamani, wamuulize mkaguzi wa magari swali moja la ziada: stelingi ilikutwaje? Jibu likiandikwa gazetini, hata kwa mstari mmoja, msomaji mwenye Carina yake atakwenda kuinama chini ya gari jioni ile. Kuna ajali zitakazobaki za mwendo kasi, sawa. Lakini zile nyingine tunazizika pamoja na dereva, na jina lake linabaki na doa la uzembe ambao huenda haukuwa wake. Wale walioniambia "gari halikukata", sikuandika maneno yao popote. Fomu yangu haikuwa na nafasi ya kuyaandika, na mimi sikuitafuta nafasi hiyo.

Kwa wakaguzi, ninaomba gari linapokaguliwa, pamoja na taa, honi na breki, tairi la mbele liinuliwe kwa jeki na kutingishwa. Kwa mafundi, msitie raba ndani ya tairodi wala boljointi, na msizichomelee. Mpeni mteja kifaa kilichotolewa akishike mkononi. Kwa wenzangu wanunuzi, ninajua spea za mtumba zinatusaidia, hata taa ya nyuma ya gari langu ni ya mtumba. Tairodi ya mtumba usinunue. Huoni ndani yake kumebaki nini, na muuzaji naye haoni.

Mzee wa Mombo alinifungia tairodi mpya pande zote mbili, na nati mpya, na zile pini ndogo zinazopita kwenye nati ili isifunguke, ambazo tairodi ya zamani haikuwa nazo hata moja. Alaimenti tukafanya baada ya hapo. Vyote pamoja na ufundi vilifika shilingi 115,000. Tairi nililolitupa na alaimenti mbili za bure nilizolipa kabla zilikuwa zimeshazidi hapo.

Jina langu na anwani nimekuandikia kwenye karatasi ya pili. Kigololi nacho kipo, mwandishi wako akitaka kukipiga picha.

Muuguzi mstaafu,
Korogwe, Tanga