Matufe madogo yasifutwe kwenye hesabu bila kutajwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo likiandikwa kwa ajili ya wasomaji wa kawaida huelezwa nusunusu: namna wanasayansi wanavyounda modeli za mahusiano ya chembe katika michanganyiko ya koloidi, yaani chembe ndogo sana zilizotapakaa katika kimiminika, yenye matufe ya ukubwa tofauti. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba matufe makubwa hukusanyika kwa sababu yanavutana. Kauli hiyo humficha msomaji chanzo cha mkusanyiko, na chanzo hicho ndicho kinachoamua modeli ipi inafaa na ipi haifai.

Tuchukue matufe magumu yasiyo na chaji wala mvutano wowote, ambayo sharti lake pekee ni kwamba mawili hayawezi kukaa mahali pamoja. Kila tufe kubwa huzungukwa na ukanda, wenye unene sawa na nusukipenyo cha tufe dogo, ambamo kitovu cha tufe dogo hakiwezi kuingia. Makubwa mawili yakikaribiana, kanda zake huingiliana, na ujazo wa sehemu iliyoingiliana huongezeka kwenye nafasi ambayo madogo yanaweza kutembea. Entropia ya madogo, yaani wingi wa namna yanavyoweza kujipanga, hupanda, na makubwa husukumwa yakaribiane na shinikizo la osmosisi, yaani msukumo wa madogo, linaloyabana kutoka pande za nje. Wanasayansi Asakura na Oosawa walieleza hayo mwaka 1954, na mwenzao Vrij akayaendeleza mwaka 1976. Kwa modeli yao, ikiwa kipenyo cha tufe kubwa ni mara 10 ya kile cha dogo, na madogo yamechukua asilimia 20 ya ujazo, basi nishati inayoyashika makubwa mawili yanapogusana ni takriban mara 3.2 ya nishati ya joto, yaani kT, kipimo cha mtikisiko wa kawaida wa chembe kutokana na joto. Kiasi hicho hakipuuziki hata kidogo.

Ugumu huanza kwenye kompyuta. Kwa uwiano huohuo, ujazo wa tufe kubwa moja ni sawa na ule wa madogo 1,000, kwa hiyo mchanganyiko wenye ujazo sawa wa aina zote mbili humlazimu mtafiti kufuatilia madogo elfu moja kwa kila kubwa moja. Ndiyo maana wengi huyaondoa madogo na kuweka mahali pake mvutano wa kukadiria kati ya makubwa mawili mawili. Sipingi njia hiyo. Ninachodai ni kwamba mipaka yake itajwe. Katika modeli ya Asakura na Oosawa, ambamo madogo huhesabiwa kana kwamba yanaweza kupenyana, kujumlisha mvutano wa jozi moja moja za makubwa kunatoa jibu kamili iwapo uwiano wa vipenyo, dogo kwa kubwa, hauzidi 0.154, kwa sababu chini ya hapo kanda za makubwa matatu haziwezi kamwe kuingiliana zote kwa pamoja. Ukipita hapo, jozi pekee hazitoshi. Tena madogo halisi hayapenyani: hujipanga tabaka kwa tabaka kati ya makubwa, kiasi kwamba katika umbali fulani makubwa husukumana badala ya kukaribiana.

Kwamba ukadiriaji unaweza kupotosha si hofu tupu. Mwaka 1964, Lebowitz na Rowlinson, wakitumia mlinganyo wa kukadiria unaoitwa wa Percus na Yevick, walipata kwamba matufe magumu ya ukubwa wa aina mbili huchanganyika kwa kiwango chochote. Hitimisho hilo lilikubalika kwa zaidi ya robo karne, hadi Biben na Hansen walipoonyesha mwaka 1991, kwa ukadiriaji mwingine, kwamba tofauti ya ukubwa ikiwa kubwa mchanganyiko unaweza kutengana.

Basi ninaomba kila anayeandika habari za tafiti hizi ataje uwiano wa vipenyo, sehemu ya ujazo ya kila aina, na kama madogo yalihesabiwa moja moja au yalibadilishwa kwa kani ya kukadiria. Ombi hili lina uzito zaidi pale ukubwa unapokaribiana. Kwa uwiano wa takriban 0.58, Bartlett, Ottewill na Pusey waliona mwaka 1992 fuwele ambamo kila tufe kubwa lina madogo 13, na mwaka uliofuata uigaji wa kompyuta wa Eldridge, Madden na Frenkel ulithibitisha kwamba entropia peke yake inatosha kuijenga. Modeli iliyoyafuta madogo haiwezi kuiona fuwele hiyo.

Msomaji wako.