Mpox si tetekuwanga, watu wapimwe

Mhariri, salamu. Naomba nafasi niseme kuhusu hii mpox, ule ugonjwa wa virusi unaotoa vipele, maana huku barabarani watu bado wanadhani ni ugonjwa wa Kongo tu, jamani, Kenya kesi ya kwanza ilipatikana mpakani Taveta Julai 2024, Tanzania nayo ikatangaza zake Machi 2025, kwa hivyo ishatufikia kitambo. Kinachoniuma ni vile mtu akitoka vipele anaambiwa ni tetekuwanga tu, anajipaka dawa ya dukani halafu anarudi kulala kitanda kimoja na watoto. Mpox mara nyingi inakuja na homa na mitoki, vipele vinatoka mpaka viganjani, nyayoni na sehemu za siri, na kwa macho tu hata daktari hawezi kuwa na uhakika, lazima sampuli itolewe kwenye kidonda ipelekwe maabara. Inaambukiza kwa kugusana ngozi, kujamiiana, hata kwa shuka na taulo za mgonjwa. Sasa madereva wa malori na wadada wa gesti wakinyooshewa vidole nani atajitokeza? Wizara ilete vipimo na chanjo hukuhuku mpakani, na wagonjwa wahudumiwe bila kudhalilishwa.

Msomaji wenu, Voi