Skiza besi hii yakhe

Assalaam alaykum yakhe,

U hali gani, na wazee huko Wete hawajambo? Sie wazima alhamdulillah, kusi imeshaanza. Nakuandikia kwa ajili ya mziki tu, sina jengine, kuna mziki wa filamu n'naoskiza kila usiku siku hizi na mtu wa mwanzo niliyemfikiria ni weye na udi wako.

Filamu inaitwa Siesta, ya 1987, mambo yake yanatokea Hispania. Filamu yenyewe tuiache, mziki ndo wenyewe. Watu wakiona jina la Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi, kwenye jalada wanajua kazi yake ile, kumbe aloitunga na kuipanga karibu yote ni Marcus Miller, yule mpiga besi wa Marekani, 1986 walishatoa albamu ya Tutu pamoja, na humu vyombo vingi kavipiga yeye mwenyewe, besi, vinanda vya umeme, mpaka klarineti ya besi.

Huyu bwana ana dole gumba skwambii, akitaka kuzigonga nyuzi unasikia ngoma. Lakini humu kajizuia kabisa! Tarumbeta ya Miles imezibwa mdomo inalia peke yake, besi inaweka noti moja chini inanyamaza, inasubiri, wala haina haraka, na mie naona huo ndo ufundi hasa, kujua pa kutopiga. Kwetu kwenye taarab mpiga besi anakaa nyuma, wanaokuja kutunza hawafiki kwake, huyu kaubeba mziki mzima begani.

Sasa hapa ndo nakutaka weye. Andalusia Waarabu walikaa karne nyingi na udi wao, basi kuna pahala nasikia hijazi yetu khasa, ile maqamu ya taarab, noti ya pili imeshushwa, ya tatu iko mbali nayo, mie kichwani nishajua fidla za kikundi chetu cha taarab cha Ikhwan Safaa zingeingia wapi. Na albamu wamemtunuku Gil Evans, aliyempangia Miles ule mziki wake wa Kihispania wa 1960, kwa hiyo njia hiyo walikuwa wanaijua zamani.

Ntakutumia kwa watsapu leo usiku. Anza na ule unaoitwa Claire, gitaa kapiga Earl Klugh, na tafadhali vaa hedfoni maana kwenye spika ya simu besi hutoisikia hata kidogo. Kisha tyuni udi uifate, rekodi unitumie, ukivuka na boti baada ya Idi nataka tuipige pamoja mie na besi langu weye na udi.

Wasalimie wote.