Barua ya malalamiko: kunyang'anywa fidla darasani Miltown Malbay

Kwa Meneja Mkuu wa Kampuni,

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWAKILISHI WENU NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya kifurushi cha safari ya kujifunza muziki wa Ayalandi, mjini Miltown Malbay, mliyaandika nyinyi wenyewe na risiti yangu mnayo, kwa hiyo sitayarudia. Ninaandika kwa sababu ya jambo lililotendeka asubuhi ya siku ya pili ya masomo, pale mwakilishi wenu aliponiondolea fidla mkononi mbele ya darasa zima, akaitia kwenye kasha lake, akanikabidhi bodhrani, ngoma ya mkononi ya Kiayalandi, na kusema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Mama, sisi Waafrika ngoma ndiyo yetu, fidla tuwaachie wenyewe." Wakati huo nilikuwa nimeshakaa, nimeshapaka upinde ulimbo, na mwalimu alikuwa ameshaanza kutupigia kipande cha kwanza cha rili, muziki wa dansi wa Ayalandi.

Fomu yenu ya kujiandikisha ina nafasi ya kujaza chombo na uzoefu, nami nilijaza kwamba ninapiga fidla katika kikundi cha taarab Unguja. Sihitaji kuieleza kampuni inayojiita ya utamaduni kwamba katika taarab ya Zanzibar fidla hukaa pamoja na vyombo vingine kama udi, kanuni na nai, wala si chombo cha kuazimwa kwa wageni. Sababu ya kutaka kujifunza muziki wa Ayalandi ni kwamba nao, kama wetu, hupigwa na watu wengi wakifuata sauti moja, kila mmoja akiipamba kwa mkono wake. Nilitaka kujua wapigaji wa Clare, jimbo ulipo mji huo, wanavyoitikisa noti moja ikatoa tano kwa haraka, yenyewe, ya juu yake, yenyewe, ya chini yake, kisha yenyewe tena, bila kuvuruga mwendo wa jigi, dansi nyingine ya huko. Hayo hufundishwa kwa kusikiliza na kutazama vidole vya mwalimu. Mwenye ngoma mapajani, katika chumba kingine, hayaoni.

Tangazo lenu lilitaja waziwazi shule ya kiangazi ya Willie Clancy, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa kumbukumbu ya mpiga bagipaipu (zumari ya mfuko) huyo, mzaliwa wa mji uleule, na ambayo kila Julai huwakusanya mafundi wa fidla, filimbi, konsatina na bagipaipu. Mliweka hata picha ya umati barabarani. Tulipofika, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameandikishwa huko. Mlikuwa mmekodi ukumbi pembeni mwa mji na walimu wawili, na shule yenyewe, ambayo haina kosa lolote, haikuwa na habari zetu. Mwalimu wa fidla ni muungwana na sina neno naye. Ndiye aliyenieleza wakati wa mapumziko kwamba mlimlipia wanafunzi wachache kuliko mliowauzia nafasi, ilhali darasa la bodhrani lilikuwa na viti vitupu mlivyokwisha kuvilipia. Kumbe hesabu zenu ndizo zilizokosewa, na mwakilishi wenu akaona azifunike kwa ngozi yangu.

Kuhusu "mkusanyiko wa nyaraka adimu" mliotutoza fedha ya ziada: ni fotokopi za nyimbo alizozichapisha Francis O'Neill, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, mwaka 1903, katika kitabu chenye nyimbo 1,850 ambacho mtu yeyote hukipata bure. Hilo nalo nitalidai.

Nimekumbuka jambo la uwanja wa ndege wa Shannon. Siku tuliyowasili, mwakilishi huyohuyo alilitazama kasha langu na kuniuliza kama kulikuwa na haja ya kusafiri nalo. Nilidhani anajali mzigo. Sasa naelewa kwamba uamuzi ulikuwa umeshapita kabla hatujapanda gari.

Narudia tukio la darasani ili pasiwe na mtu ofisini kwenu wa kuliita kutoelewana. Hakuniuliza. Alikuja kwa nyuma, akaishika fidla shingoni, uzi mmoja ukalia, akaivuta wakati kidevu changu bado kiko juu yake. Watu wawili walicheka. Mwalimu alibaki na upinde hewani, hajui aendelee au asimame. Kisha nikawekewa mapajani ngoma ile ya ngozi ya mbuzi pamoja na kijiti chake, na ndipo yaliposemwa yale maneno ya "ngoma ndiyo yetu", na kijana ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Siidharau bodhrani, ina mafundi wake na ni kazi ngumu. Ninachokataa ni kupangiwa chombo kwa rangi, tena na Mtanzania mwenzangu, tena kwa fedha yangu.

Jioni yake alituongoza hadi baa yenye kikao cha wanamuziki, sote tuliohamishwa tukiwa na bodhrani mkononi. Kila anayeujua muziki huo anajua kwamba katika kikao bodhrani moja hutosha, na wa pili husubiri wa kwanza apumzike. Tuliingia kundi zima. Wenyeji walituonyesha adabu ambayo kampuni yenu haikutuonyesha, lakini wimbo ulisimama, nami nilitamani ardhi ipasuke.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai ada ya masomo peke yake. Kwa kadiri ninavyoandika naona haitoshi. Nadai bei yote ya kifurushi isipokuwa tiketi ya ndege, pamoja na fedha ya zile fotokopi, na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe Meneja, si dawati la huduma kwa wateja, ambalo limeshanijibu kwa kunitumia vocha ya punguzo la safari ijayo. Nadai pia kwamba mwakilishi huyo asipewe tena msafara wowote wa wanamuziki.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, malalamiko haya yatafika Tume ya Ushindani na kwa wakili wangu, na nitayasoma mwenyewe mbele ya vikundi vya taarab vya Unguja na Tanga, ambavyo nina habari kwamba mmeshavipelekea tangazo la Julai ijayo, lenye picha ileile ya umati.

Vocha yenu nimeiambatanisha. Sina haja nayo.

Wenu,
Mteja mwenye risiti mliyonayo

Nakala: Wakili wangu