Kifaa Kikijizima Usiku, Lazima Kiseme Kwa Nini

"Fundi, kile kidude kimezima tena usiku." Simu hiyo ilitoka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa huko Muheza, alfajiri, kabla wafugaji hawajaanza kufika na madumu yao. Kidude chenyewe ni kijisanduku tulichokifunga ukutani kando ya tangi la kupozea. Kinapima joto la maziwa, na likizidi nyuzi 4 kwa muda kinamtumia msimamizi meseji.

Tulipofika tulikikuta kinawaka vizuri tu, ila rekodi ya joto ilikuwa na mapengo, na meseji haikutumwa. Msimamizi alisema ni umeme, kwa sababu usiku ule ulikatika. Sisi tukahisi programu imeganda. Tukabadilisha laini ya simu, tukabadilisha adapta, tukarudi Muheza mara tatu. Kote huko tulikuwa tunakisia, na nasema wazi kwamba kosa lilikuwa letu: tuliuza kifaa kisichoweka kumbukumbu ya kuzimika kwake.

Na chipu yenyewe huwa inajua. ATmega328P, ile iliyomo kwenye bodi ya Arduino Uno, ina rejista, yaani nafasi ndogo ya kumbukumbu ndani yake, yenye alama nne za sababu ya kuwaka upya: umeme umeingia, amri ya kuwaka upya (riseti) imetoka nje ya chipu, volti zimeshuka mno, au saa ya ulinzi imeisha. Saa hiyo programu inatakiwa kuirudisha nyuma kila baada ya muda mfupi; programu ikiganda, saa inafika mwisho na kuwasha kifaa upya. ESP32, chipu nyingine, inaeleza zaidi, hadi kama programu ilianguka au ilijiwasha upya kwa amri.

Alama hizo zinataka kusomwa mapema. Kwenye bodi nyingi za Arduino, kile kiprogramu cha kuanzishia huzifuta kabla programu yako haijaziona. Kwa hiyo siku hizi kazi ya kwanza ya kifaa chetu kikiwaka ni kusoma sababu na kuiandika, pamoja na tarehe na saa, kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukitoka. Hapo napo pana mtego. Kumbukumbu hiyo kwenye ATmega328P, iitwayo EEPROM, imekadiriwa kuandikwa mara 100,000. Ukiandika kila dakika mahali pale pale, hata siku 70 hazifiki. Sisi tunaandika wakati wa kuwaka tu, na tunahama nafasi kila mara.

Tulipoweka programu hiyo Muheza, jibu lilikuja umeme ulipokatika tena. Saa saba na dakika 12 usiku: volti zimeshuka. Saa saba na dakika 14: volti zimeshuka. Na kila mara, modemu, ile sehemu inayotuma meseji kwa laini ya simu, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutuma. Modemu ya SIM800L huvuta hadi ampea 2 kwa mipigo mifupi, na haitaki volti chini ya 3.4. Betri yetu ya akiba, ya volti 3.7, ilikuwa mita mbili kando, kwa waya mwembamba unaopoteza volti ampea zikiwa nyingi. Mambo yakafuatana: umeme unakatika, tangi linaacha kupoza, maziwa yanapata joto, kijisanduku kinataka kutoa taarifa, na kinazimika pale pale kinapohitajika. Tulisogeza betri, tukaweka waya mnene na mfupi, na kapasita (kifaa kinachotunza umeme kidogo wa kutoa ghafla) ya mikrofaradi 1,000 ubavuni mwa modemu. Meseji zinafika.

Vifaa vyote tunavyofunga sasa vina rekodi hii. Mwenye kifaa chetu cha zamani atuletee, tutamwekea programu mpya bila malipo. Ukishawekewa, tuma neno SABABU kwenye laini ya kifaa, nacho kitakujibu mara 10 za mwisho kilipowaka upya na sababu zake.

Kikisumbua, tunakuomba sana usichomoe betri kabla ya kutupigia. Mahali programu ilipokuwa imefikia tunapahifadhi kwenye kumbukumbu inayopotea umeme ukitoka kabisa. Tuandikie saa, kama umeme ulikuwepo, na taa ya kifaa ilikuwa rangi gani.