Punguzeni ukumbi, msipunguze singo

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Siku hizi Unguja na Pemba vijana wengi wanataka harusi ndogo, watu 30 au 40, uani kwao, bila ya kukopa. Ni jambo jema na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Kinachotuuma ni kile kinachokatwa kwanza. Fedha zikibana, singo, yaani unga wa maua makavu wa kumsugua bibi harusi mwilini, huachwa na hina hukimbizwa ikawa ya usiku mmoja, lakini ukumbi, sare na keki vinabaki palepale. Sisi tunaosinga na kupamba maharusi tunaomba mpango huo ugeuzwe.

Singo haina gharama kubwa. Inataka muda tu. Kwa mwari (bibi harusi) mmoja, kwa siku 7, chukua vikombe 4 vya mawaridi makavu, 2 vya asumini, kimoja cha mlangilangi, konzi moja ya mrehani, mkadi na kilua kadiri vinavyopatikana, na kijiko kimoja cha chai cha karafuu iliyosagwa, basi. Karafuu ikizidi, ngozi huwasha na kuiva, kisha lawama yakatupiwa maua. Anika kivulini, kwani jua kali huondoa harufu. Twanga, chekecha, weka kwenye chupa kavu. Kila jioni chota ya siku hiyo peke yake, uichanganye na liwa (msandali) iliyosuguliwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi. Singo iliyoroweshwa jana huchacha, hata ukiongeza marashi haifai tena. Usoni ipite liwa tupu. Mwari mwenye kazi ya ofisi hana lazima ya kufungiwa ndani wiki nzima kama zamani. Dakika 45 baada ya magharibi zinatosha, mradi asiruke siku.

Hina ndiyo yenye makosa makubwa zaidi. Hina ya majani haitoi rangi nyeusi. Ikibanduliwa huwa ya chungwa, kisha huiva taratibu hadi hudhurungi katika siku 2. Kwa hiyo atakayetia hina usiku wa kuamkia harusi ataingia kwa wageni na mikono ya chungwa, na hapo ndipo watu wanapokimbilia piko, rangi nyeusi ya kuchorea. Piko nyingi ni rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali ya parafenilinidiamini, ambayo kwa baadhi ya watu hutoa malengelenge, pengine siku kadhaa baadaye, na kuacha kovu la ua lilelile lililochorwa. Aliyedhurika mara moja anaweza kudhurika tena kila akigusa rangi ya nywele maisha yake yote. Kumchora mwari kitu hicho ili apendeze usiku mmoja ni kumdhulumu.

Dawa yake ni kalenda. Hina itiwe siku 2 kabla ya harusi. Unga uchekechwe kwa kitambaa chepesi, ukandwe kwa maji ya ndimu na chai ya rangi iliyopoa, ufunikwe saa kadhaa mpaka juu ubadilike rangi. Mafuta ya karafuu yanasaidia kuikoleza, ila yasizidi matone 2 au 3 kwa bakuli, na yajaribiwe kwanza mkononi, sehemu ndogo. Hina ikae saa 6 hadi 8. Ibanduliwe kwa kisu butu au mafuta, isioshwe kwa maji siku ile.

Kikuba, kishada cha maua cha kuvaa kifuani, nacho kina saa yake. Asumini ichumwe alasiri ingali vitumba, ifungwe na mrehani, mkadi na kilua, iwekwe ndani ya jani la mgomba lenye unyevu. Usiku itafunguka yenyewe kifuani mwa mwari. Ikichumwa asubuhi imekwisha kufunguka, ikifika isha imeshakuwa kahawia.

Udi utiwe makaa yakishashika jivu, maana kwenye moto wa kuwaka hutoa moshi wa kuni tu. Shela za nailoni zikae mbali na chetezo, chombo cha kufukizia.

Kwa ngoma, harusi ya uani haihitaji spika kubwa. Kidumbak, muziki wetu wa harusi wa kundi dogo, inamtosha kila mtu: vidumbak (ngoma ndogo) viwili, sanduku la besi, fidla, cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Wapigaji wanakaa kwenye mkeka mmoja na mazungumzo bado yanasikika. Chakula kiwe pilau kwa masinia, watu 4 sinia moja; kwa watu 40 mchele kilo 6 unaenea. Upikwe kwa masufuria 2, kwani sufuria moja ikijaa, chini huwa bokoboko na juu hubaki kiini. Makaa yapaliwe juu ya kifuniko.

Fungate ya siku 7 si wote watakaopewa likizo. Siku 3 hazina aibu, iwapo somo, mwanamke anayemfunza mwari mambo ya ndoa, yupo na maneno yake hayafupishwi.

Wazazi, kabla ya kumlipa mchoraji mwambieni aoneshe unga wake. Ukiwa mweusi, au akisema rangi itakuwa nyeusi ndani ya saa moja, mrudisheni.

Wasingaji na wapambaji wa maharusi,
Wete, Pemba